Mpaka Rangi Aliyesema Rangi Isubiri

Saa mbili asubuhi, ndani ya banda la mabati kando ya kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji wa Nyeri, Monicah Wachuka amepiga magoti chini ya bawa la ndege ya viti vinne. Mkono wa kulia umeshika msasa uliolowa maji. Wa kushoto unafuata nyuma, kiganja wazi, ukipapasa pale msasa ulipopita.

Hatazami anachokifanya. Amefumba macho.

"Macho inadanganywa na maji," anasema. "Ikilowa, kila mahali inaonekana laini. Mkono ndio unajua."

Ndege hii ni mali ya Bi. Sushila, mjane anayeendesha duka la vipuri vya trekta mjini Nyeri. Marehemu mume wake, Ambalal, aliinunua mwaka 1971 kutoka kwa mkulima mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Tangu hapo imekuwa ikipeleka vipuri na madaktari wa mifugo kwenye mashamba ya ngano ya Timau, na kurudi na yeyote aliye na haraka.

Leo ni siku ya nane tangu Wachuka aanze kuiandaa kwa rangi mpya. Lakini kazi hii aliitiwa mara ya kwanza Mei mwaka jana, 1986. Aliikataa, ingawa wakati huo alikuwa na miezi mitatu bila kibarua.

Wachuka, mwenye umri wa miaka 44, alizaliwa karibu na Kutus. Mwaka 1964 aliajiriwa kufagia katika gereji moja ya Karatina. Fundi wa rangi alipohamia Nairobi ghafla, lori lilibaki limepakwa upande mmoja tu, na mwenye lori alikuwa akilingoja nje. Wachuka alimwambia tajiri wake kwamba angeweza kulimaliza.

"Alicheka kwanza," anakumbuka. "Halafu akaona hakuna mtu mwingine."

Alipuliza rangi kwenye malori kwa miaka kumi na mitano. Mwaka 1979 injinia wa ndege aitwaye Kingori alifika gerejini hapo akiwa na mlango wa ndege uliochubuka. Kazi aliyoiona ilimpendeza, akamrudia tena na tena, na taratibu akamfundisha kwamba ndege si lori.

"Rangi iko na uzito," Wachuka anaeleza. "Lori haijali. Lakini usukani wa ndege, ule wa kwa mkia, ukiupaka nzito unaweza kuanza kutetemeka huko juu. Lazima ung'olewe, upimwe, urudishwe."

Mapema mwaka jana gereji ya Karatina ilifungwa. Binti yake, Murugi, alikuwa ameitwa kidato cha tano. Ndipo Bi. Sushila alipomtumia ujumbe aje Nyeri atoe bei ya kuipaka ndege yote.

Bi. Sushila alikuwa na sababu. Meneja wa hoteli moja ya watalii alikuwa tayari kumpa kazi ya kuwazungusha wageni kuutazama mlima. Alipokuja kuiona ndege, alikuta rangi imebambuka hadi mgongoni. Alisema wageni wake hawawezi kupanda kitu kama hicho.

Rubani wa ndege, Mutahi, alikuwa na ombi tofauti. Redio ilikuwa ya tangu enzi za mzungu, na ilikuwa ikikatika katikati ya maneno. Mwezi Aprili alikuta Nyeri imefunikwa na wingu, akaita mara sita bila kujibiwa, akageuza na kwenda kutua katika shamba la ngano huku mafuta yakikaribia kwisha. Alitaka redio mpya na chombo kipya cha kuonyesha njia.

Pesa zilizokuwepo zilitosha kimoja tu kati ya hivyo viwili.

"Nilikuwa nimeamua rangi," anasema Bi. Sushila, aliyetuletea chai bandani. "Rangi ingeleta hoteli, hoteli ingeleta redio. Nilimwita Monicah anipe bei tu."

Wachuka aliizunguka ndege mara mbili. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kazi ile ingempa shilingi elfu nane, na karo ya Murugi ingelipwa yote na pesa nyingine kubaki. Kisha akamuuliza Mutahi swali moja.

"Kapteni, hiyo redio mpya ikikuja, eriali zake zitakaa wapi?"

Mutahi alimwonyesha: mbili juu ya paa, moja tumboni.

"Kwa hivyo mtatoboa?"

"Tutatoboa, Mama Murugi. Na zile kuukuu tukitoa, zitaacha mashimo ya kuzibwa."

Wachuka alipiga hesabu upya. Kutoboa na kuziba kungeiharibu rangi aliyoombwa kuipuliza, na kuirekebisha kusingefanana na ile ya kwanza. Bi. Sushila angelipia kazi moja mara mbili.

Alipokuwa bado anafikiria, alipitisha kiganja chini ya mkia, mahali betri inapokaa kwa ndani. Rangi ilikuwa imefura vijipele. Alikwaruza kimoja kwa ukucha, na unga mweupe ukamwagika.

Akamwendea Bi. Sushila. "Mama, usipake rangi sasa. Weka redio kwanza. Na kabla ya redio, mwite Injinia Kingori afungue hapa chini ya betri."

"Nimekuita unipe bei ya rangi," Bi. Sushila alimjibu, "wewe unanipa bei ya kila kitu kingine."

"Niko na shida ya hiyo kazi kuliko wewe," Wachuka akamwambia. "Lakini nikipaka, nitakuwa nimefunika."

Bi. Sushila alirudi dukani bila kuagana. Ilimchukua siku nne kumwita Kingori. Injinia alipofungua, alikuta maji ya betri yamekula bati la aluminiamu hadi likawa jembamba kama karatasi. Alilikata akaweka jipya.

Hoteli ilitafuta ndege nyingine. Wachuka alilipwa shilingi mia tisa kwa kusafisha sehemu ile na kuipaka rangi ya kuzuia kutu, kiraka cha kijani kilichowachekesha watu kila ndege ilipotua.

Murugi alikaa nyumbani mihula miwili. "Hilo ndilo liliniuma," anasema Wachuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii msasa unasimama. "Nilimwambia ukweli, ati kazi ilikuwepo na mimi ndio niliikataa. Hakuniongelesha siku mbili. Ya tatu akaniuliza, hiyo ndege ingeanguka? Nikamwambia sijui. Hakuna mtu anajua."

Mama huyo alikwenda Wang'uru, akapata kibarua cha kupaka rangi mashine za kukoboa mpunga. Januari alikuwa amepata pesa za kumrudisha Murugi shuleni.

Redio mpya ilifungwa Agosti. Novemba, Mutahi alikuwa akirudi kutoka Timau na daktari wa mifugo na wakulima wawili wa ngano wakati mvua ilipoufunga mlima. Aliita, na safari hii akajibiwa papo hapo: Nyeri kumefungwa, Nanyuki kuko wazi.

"Hakuna cha kusimulia," anasema Mutahi. "Tulienda Nanyuki tukakunywa chai. Ile siku ya Aprili nilitua kwa ngano."

Wakulima wale walikuwa na la kusimulia. Mwaka ulipoanza, wenzao kumi na wawili wa Timau walikubaliana kumpa Bi. Sushila kazi ya mwaka mzima. Alipopata malipo ya kwanza alimtuma mtu Wang'uru.

"Nilimwambia aje na bei yake," anasema Bi. Sushila, "na hiyo bei sikuipunguza."

Wachuka anatarajia kupuliza rangi nyeupe wiki ijayo hali ya hewa ikiwa kavu. Bi. Sushila amekubali kumkodishia kona ya banda hili, na mwenye ndege mmoja wa Timau amekwisha kuuliza zamu yake.

Kilichobaki ni cheti kitakachomruhusu kufanya kazi hii kwa jina lake mwenyewe, badala ya kuifanya chini ya kivuli cha injinia. Kingori amemwandikia barua ya kumdhamini. Fomu imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa ili isiguswe na rangi, naye anaifungua polepole atuonyeshe.

Mahali pa jina, waliochapisha fomu waliweka neno "Bwana" tu. Wachuka amelikata kwa mstari mmoja ulionyooka na kuandika juu yake "Bibi", kwa herufi za mtu aliyezoea kuandika kwenye milango ya malori.

Kingori alimwonya kwamba huenda wakairudisha.

"Wakirudisha, nitajaza ingine," anasema, akiikunja tena. "Naipeleka posta Jumatatu."