Haya ya Bi Mwanahawa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nimezunguka nayo nchi nzima na bado haijanishuka begani. Ngoja kwanza nikwambie nilifikaje kule ilikonipata.

Nilitoka Tabora kwa gari moshi, daraja la tatu, na sanduku la bati na blanketi moja. Kabla ya Tabora nilikuwa Mpanda, na kabla ya Mpanda nilikuwa kwenye mkonge kule Korogwe, ambako sikumaliza hata msimu. Nilikuwa nimehitimu kidato cha nne vizuri tu, lakini miguu yangu haikusoma pamoja nami. Yenyewe ilitaka kwenda. Mama alikuwa akisema, "Huyu nilimzaa njiani." Treni ile iliharibika porini, ikatengenezwa, ikaharibika tena, watu wakawasha moto kando ya reli wakapika uji wa watoto. Nikashuka Ruvu nimechoka hata jina langu silitaki. Lori la mkaa likanipakia, likanishusha Kibaha nimefanana na mzigo wake.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wanahama mashamba yao ya zamani na kupangwa kwa mistari. Pale Kibaha, kwenye nyumba moja kando ya barabara ya Morogoro, walikuwa wamepanga wasomi wa chuo fulani waliokuja kufanya utafiti. Mmoja alichunguza kisomo cha watu wazima. Mwingine alichunguza kichocho. Mwingine aliwauliza wanakijiji wanaelewa nini juu ya vita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Mwingine alipima udongo na miti, ajue nyumba za vijiji vipya zijengwe kwa kitu gani kidumu. Huyo watu walimwita Bwana Mbao. Mkuu wao, ambaye sote tulimwita Dokta, alikuwa mtu wa Ziwa Magharibi, mpole, mwenye miwani, na yeye alitafuta sanaa: vinyago, mikeka, ngoma. Walitaka kijana wa kuandika majibu. Dokta akautazama mwandiko wangu, kisha akanitazama viatu.

"Huyu ametembea," akasema. "Atafaa."

Jioni tukila ugali Dokta alikuwa na neno lake alilolipenda. "Zamani walikuja wageni na mkalimani," alisema, "wakaandika wasichokijua, wakaondoka. Sisi hatuhitaji mkalimani. Sisi na wananchi lugha yetu ni moja." Nililiamini neno lile, mwanangu, na nusu yake naliamini mpaka leo.

Tulianzia Gwata, tukavuka upande wa Kisarawe mpaka Kibuta, na huko ndiko alikokuwa Bi Mwanahawa. Alikuwa mwanamke wa makamo yaliyokwisha, Mzaramo, mkulima wa mihogo, mjane, anaishi na Zaina, binti wa kaka yake. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kwenye mstari, basi kila mtafiti alianzia kwake.

Siku tuliyofika na maswali ya ukombozi, alikuwa barazani anamenya mihogo.

"Mmekuja tena?" akasema baada ya salamu. "Jana mliniuliza mkojo wangu una rangi gani. Leo mwaniuliza habari za Msumbiji. Kesho si mtataka kunihesabu meno?"

"Meno ni ya mwakani, bibi," alisema Bwana Mbao.

"Basi fanyeni haraka, yanakwisha."

Wanawake wa jirani wakacheka, nasi tukacheka, na akatupakulia mihogo ya nazi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulivyokuja na kuja, mwenyeji hakupona, alipungua. Lakini hakuna siku aliyoacha kutupakulia.

Siku hiyo hiyo Dokta alimwuliza kama anacho kitu chochote kilichochongwa na wazee. Bi Mwanahawa akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na kitu kimefungwa katika kaniki. Alipokifungua tukaona kinyago kidogo cha mti, hakina mikono, kichwa kina mashungi mawili, kiunoni shanga nyeupe, na chote kimekuwa cheusi kwa mafuta ya mikono ya watu waliokwisha kufa. Wazaramo wanakiita mwana hiti.

"Ni cha shangazi yangu," akasema. "Na shangazi yangu alikipata kwa shangazi yake."

Dokta alikipokea kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na miwani yake. Usimwone mwizi, mwanangu. Alikuwa anapenda kweli. Ila alikuwa amesoma vinyago vya mbali kuliko vya jirani.

"Bibi," akasema, "tuazime. Huyu mwenzangu akipime ajue ni mti gani na una umri gani. Tutakurudishia."

Bi Mwanahawa alitazama maganda ya mihogo miguuni pake. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anakuna nazi; sauti ya mbuzi ikasimama.

"Mwali yuko ndani, baba," akasema polepole.

"Ah, hatutamsumbua," Dokta akajibu, akashusha sauti kwa heshima. "Hatuingii ndani kabisa."

Bi Mwanahawa akavuta khanga mpaka mdomoni. "Haya," akasema.

Nami nikaandika: amekubali.

Tukaondoka nacho. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, na wasomi wakahamia vijiji vingine. Baadaye nikatumwa peke yangu Kibuta na maswali machache ya kisomo yaliyosahauliwa. Nilimkuta Bi Mwanahawa palepale barazani. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa chakula, akangoja nimalize kunawa.

"Mwanangu hajambo huko?" akauliza.

"Mwanao yupi, bibi?"

"Yule mliyemchukua."

Ndipo akanieleza, kwa kiasi ambacho mwanamume anaweza kuelezwa. Zaina alikuwa mwali, amewekwa ndani kufundwa, na mwana hiti ndiye anayekaa naye huko. Binti anampaka mafuta, anamtunza kama mtoto, ili naye aje kuwa na watoto. Mwali hatolewi nje bila huyo mwenzake. Makungwi walikuwa wamekuja kumtoa wakaambiwa wangoje. Watu wa Maneromango waliomchumbia walikuwa wametuma mjumbe kuuliza kulikoni, akaambiwa angoje. Na binti alikuwa ndani bado, jua anaona kwenye nyufa za ukuta.

"Lakini bibi," nikasema, na ulimi wangu uliniponza, maana heri kujikwaa kidole, "Dokta alipoomba ulisema haya."

Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia na mtoto mgumu.

"Nilisema haya kwa sababu nina haya," akasema. "Mtu mzima ameketi kwenye mkeka wangu, amekula chakula changu, ameniita bibi, ananiomba kwa mikono miwili. Nimjibu hapana, uso wangu niuweke wapi? Nikamwambia mwali yuko ndani. Mtu wa hapa akiambiwa hivyo anaomba radhi, anarudisha kitu mahali pake. Ninyi mkaniambia hamtaingia."

Nikazikunja karatasi zangu za maswali.

"Haya ya mdomo mliisikia," akaendelea. "Ya uso hamkuitazama. Na wewe hata kichwa hukuinua. Ulikuwa unaandika."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza, mwanangu, ningeisahau mapema. Nikamwuliza kwa nini hakutuma mtu Kibaha.

"Nimtume akaseme nini? Kwamba natilia shaka neno la mgeni wangu?"

Nilirudi Kibaha siku ileile, sehemu kwa miguu, sehemu kwa trekta la kijiji. Nilimkuta Dokta anapanga karatasi zake mezani, nikamweleza.

"Lakini alikubali," akasema. "Alisema haya."

"Ilikuwa ile nyingine, Dokta."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mwisho akasema, "Na mimi nilidhani nimeonyesha adabu, kwa kukataa kuingia ndani."

Kitu cha watu huchukuliwa kwa siku moja, mwanangu, lakini kurudi kwake kuna njia ndefu. Bwana Mbao alikuwa ameshakipeleka mjini. Mjini walikuwa wamekipima, wakakifungia kabatini. Mwenye ufunguo alikuwa safarini. Aliporudi, gari letu halikuwa na mafuta, maana ndiyo miaka ile mafuta yalikuwa shida. Dokta alikwenda mwenyewe kwa basi, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Kufikia siku alipokipata, mvua zilikuwa zimeshaanza na njia ya Kibuta imekuwa tope.

Tulikwenda mimi na yeye. Bi Mwanahawa alikipokea kama anavyopokewa mtoto mchanga, kiganja kimoja chini ya kichwa. Akakigeuza. Mgongoni walikuwa wameandika kwa rangi nyeupe, na chini kwenye kikalio walikuwa wamekata kipande chembamba cha kupimia.

"Hii nini?" akauliza.

"Ni namba, bibi," Dokta akasema. "Ili kisipotee."

"Hakijawahi kupotea," akasema Bi Mwanahawa.

Akaanza kuisugua ile rangi kwa pindo la khanga, taratibu, bila hasira. Haikutoka. Ndani sauti ya msichana ikasikika nyuma ya ukuta.

"Shangazi, wameleta?"

"Wameleta, mama."

"Basi natoka lini?"

"Mvua ikipungua."

Dokta alishuka kwenye kigoda akaketi chini kabisa, kwenye udongo wenye unyevu, na suruali yake ya kazi. "Bibi, nisamehe," akasema. "Mali yako imerudi. Niambie nifanye nini kingine."

"Mti umerudi, baba," akajibu. "Siku hazikurudi."

Ndipo tukajua kwamba wale wa Maneromango walikuwa wamechoka kungoja, wakaoa kwingine. Hakututukana, wala hakutufukuza. Alituuliza kama tumekula. Dokta akasema tumekula, nami nikasema tumekula, na hatukuwa tumekula tangu jana yake. Ndiyo mara pekee tuliyompunguzia kazi.

Baada ya hapo utafiti uliendelea, nami niliendelea kuandika, lakini kila nilipouliza swali nilijikuta natazama uso wa mtu mpaka nasahau kuandika jibu. Dokta aliona, hakunikemea. Yeye mwenyewe alianza kurudia nyumba alizokwisha kuzimaliza, anakaa tu, anazungumza habari za mvua, anaondoka bila karatasi. Wenzake wakasema anapoteza muda. Pengine alikuwa anaupoteza. Sijui aliandika nini mwishowe. Karatasi za utafiti zinakwenda mbali kuliko sisi tuliozibeba.

Mvua ilipopungua Zaina akatolewa. Nilikuwapo Kibuta siku hiyo, pembeni pamoja na wanaume wengine, mbali na shughuli za wanawake. Alipita amebebwa begani, amepakwa mafuta, shanga shingoni, ngoma inalia, wanawake wanapiga vigelegele. Kila mtu alisema amependeza, na kweli alikuwa amependeza. Mimi niliyaona macho yake. Alikuwa ameyafumba nusu, ameweka kiganja juu yake, kwa sababu jua lilikuwa linamwumiza. Mzee mmoja karibu yangu akasema, "Huyu amekaa sana." Hakumwambia mtu, alisema tu, kama tunavyosema habari za mahindi yaliyochelewa kuvunwa.

Nilirudi Kibaha, nikafunga sanduku langu. Dokta akaniuliza kama nimepata kazi nyingine.

"Hapana," nikasema.

"Basi unakwenda wapi?"

"Sijui, Dokta."

Akanipa mkono, akaushikilia kwa muda mrefu. Nikasimama barabarani, lori la kwanza likaelekea Chalinze, nikapanda. Sikurudi tena Kibaha wala Kisarawe. Nimefika mahali pengi tangu siku hiyo. Nimepita arobaini sasa, magoti yamenichosha, na njia nazo nadhani zimechoka na mimi.

Mwanangu, sikwambii uache elimu. Nenda kachunguze udongo, maradhi, shule, siasa za mataifa, na uzuri wa vitu vilivyochongwa na wazee. Nchi isiyojichunguza huchunguzwa na wengine. Kuuliza si ujinga. Lakini kuna watu wasioweza kukunyima, kwa sababu wamelelewa vizuri kuliko wewe unavyojua kuomba. Kwa hiyo unapokwenda kwa mtu kutaka kitu chake, hata kama ni neno lake tu, mpe nafasi ya kukunyima. Omba, kisha ondoka bila kuchukua. Rudi siku nyingine utazame kama bado anakupa. Na usijivunie kwamba lugha yenu ni moja. Anayejua kwamba hajui lugha huuliza mara mbili, wewe unayeijua utauliza mara moja tu, ukachukua.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya mkono wa kuandika. Akufungulie milango mingi, na kila nyumba utakayoingia ikukaribishe kwa furaha, na siku utakapoondoka, ukihesabu vyote walivyokuwa navyo kabla hujafika, viwepo. Amina.