Zimwi la Kila Ijumaa

Harufu ya karatasi ya alumini iliyofunika wali wa moto siivumilii mpaka leo. Nyumbani kwangu sufuria hufunikwa kwa sahani, na wageni wanaoniona bahili nawaacha waamini hivyo.

Nilikulia Thumama, Doha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya tajiri wa baba. Baba alikuwa dereva wao, mama mpishi. Binti yao, Nura, alikuwa rika langu. Kila Ijumaa baada ya chakula tulitazama katuni za Kijapani zilizotiwa Kiarabu cha vitabuni, kisha tukatoka uani kuziigiza. Deraya tulizitengeneza kwa ile alumini ya wali, inanuka iliki na ndimu kavu, punje zinanata shingoni.

Nura, mweupe, alikuwa malkia wa wale watu wa msituni wenye masikio marefu. Masikio yake ya kadi yalidondoka kila alipokasirika, naye alikasirika sana. Mimi nilikuwa zimwi. Miaka miwili, zimwi. Sikulalamika, kwa kuwa niliujua mwisho wa katuni. Katika vitabu vya Kizungu vya shuleni zimwi lilichomwa upanga, watu wakala karamu. Wajapani walichukua ngome zilezile na panga zilezile, halafu wakauliza zimwi lilikuwa nani kabla ya kuwa zimwi. Shujaa aliteremsha upanga, akaliita kwa jina lake, likarudi kuwa mtoto. Kila Ijumaa nilipiga magoti nikingoja jina langu. Kila Ijumaa Nura alinichapa ufito mgongoni, akacheka, akaenda kunywa juisi.

Likizo moja akaja binti wa mama mdogo kutoka Tanga, mdogo wangu kwa miaka miwili, mweusi kuliko mimi. Kiarabu hakujua hata neno. Nilimtafsiria katuni nzima sikioni, na mwisho ule aliupenda mpaka akalia.

Ijumaa hiyo Nura alimtazama yeye, akanitazama mimi, akanivika deraya na kunipa ufito.

"Leo shujaa ni wewe," akaniambia kwa Kiarabu. "Zimwi ni huyu."

Jamani, nilifurahi! Sidhani kama nimewahi kufurahi vile tena.

Binamu yangu alipiga magoti kwenye mchanga wa moto, akafumba macho, akatabasamu. "Dada, sasa niite," akaninong'oneza.

"Yalla, mpige!" Nura akasema.

Ningemwita, Ijumaa ijayo ningerudi kuwa zimwi. Nilijua hivyo kabisa. Niliushusha ufito kwa nguvu zangu zote, ukampasua juu ya jicho. Damu ikalowesha gauni aliloshonewa kwa ajili ya safari. Nura akapiga makofi.

Mama alitoka jikoni mbio. "Kulikoni? Nani kamfanya hivi mwenzenu?"

"Amejikwaa," nikasema.

Mtoto yule alifumbua jicho moja, akanitazama. "Nimejikwaa, mama mkubwa," akasema.

Kwa miaka mingi nilimlaumu Nura; ua ulikuwa wake, na ufito wake. Lakini Nura hakujua Kiswahili. Pale uani niliyesikia ule mnong'ono na kuuelewa nilikuwa mimi peke yangu.

Kovu analo bado. Tukikutana harusini hunisalimia vizuri, hata hunipakulia wali kabla ya wengine. Anaitwa Mwanaidi. Lilikuwa neno moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni.