Shahidi Asiye Ndugu

Baba yangu, Lutengano, alikuwa bwana mifugo mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi, akarudi nyumbani kwetu Mollo na barua ya shukrani. Wenzake waliopunguzwa walifungua vioski. Yeye alichimbua darubini katika belo la mitumba ya mama, yenye ufa kwenye jicho moja, akaanza kutazama ndege.

Mwanzoni tulishukuru, maana hakunywa pombe. Kisha akapatikana mwalimu mstaafu wa Chanji, Wilibrodi, mwenye ugonjwa huohuo. Wakashindana: mwaka mzima wa 1996, nani ataona aina nyingi zaidi? Zawadi haikuwepo. Masharti yalikuwepo, tena ya maandishi: kila ndege awe na sahihi ya shahidi, na shahidi asiwe ndugu.

Mwaka huo baba alijua siku mbayuwayu waliporudi, hakujua mdogo wangu yuko darasa la ngapi. Kwenye maziko ya bibi, mzaa mama, alimfuata tai kabla kaburi halijafukiwa, akaondoka na katekista awe shahidi. Sala tulimalizia wenyewe. Majirani walichoka, wakimwona na daftari walifunga milango.

Ilipofika tarehe ishirini na tisa Desemba, wazee hao wawili walikuwa sawasawa, ndege mia mbili themanini na saba kila mmoja.

Siku hiyo walikuja kuniposa kwa mara ya tatu. Mchumba wangu, Masanja, alikuwa mwalimu mwenzangu. Ukoo wake ulikuwa umehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Mara ya kwanza wazee wake walimkosa baba, alikuwa Kasanga ziwani. Mara ya pili alikuwa nyumbani, ila juu ya mti. Mzee Ndalahwa, baba mkubwa wa Masanja, alituma neno kwamba hawatakuja mara ya nne.

Nikawaamkia shikamoo, nikarudi jikoni kwa mama na kutega sikio.

"Tunaleta ng'ombe wanane," alisema Ndalahwa, akijiweka sawa kitini kwa mchana mrefu. Wote tulijua wanane ni salamu tu.

Baba alikuwa anatazama dirishani. Kwenye bonde la maji nyuma ya nyumba alikuwa ametua korongo mkubwa, shingo nyeupe, mashavu yananing'inia, aina ambayo mwaka mzima hakuwa ameipata.

"Wanane, sawa," alisema. "Nimekubali. Mzee, unajua kusaini?"

Wageni walitazamana.

"Lutengano," Ndalahwa aliuliza taratibu, "binti yako ana kasoro gani?"

Nikamsikia mmoja wa wenzake akitafuta fimbo yake. Mama akaingia sebuleni na mwiko mkononi, jambo ambalo mama wa binti hafanyi.

"Kasoro yake ni baba yake," alisema. "Mtoto ana cheti cha ualimu, na tangu darasa la tatu anaamka kabla ya jogoo. Ishirini."

"Ishirini! Mama, unataka tulale kwenye zizi tupu?" Ndalahwa alicheka kwa raha ya mtu aliyepata alichokifuata. Fimbo ikarudi ukutani.

Walibishana saa nzima. Baba kila mara alichungulia dirishani. "Malizeni, jamani, ataruka!" Wakakubaliana kumi na watano, wakapeana mikono, ndipo baba akamvuta Ndalahwa uani.

Korongo alikuwepo bado.

"Namwona. Mzuri," alisema Ndalahwa. "Nisomee hiyo karatasi. Sisaini nisichokijua."

Baba, ambaye kwa ndege hakuwahi kudanganya, alisoma masharti yote.

"Basi haiwezekani, mkwe," alisema Ndalahwa. "Mimi ni ndugu yako sasa hivi, na wenzangu pia."

"Ungesaini tulipokuwa kwenye wanane!" baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia kwa ajili yetu.

Mwaka ukaisha wakiwa sare, yeye na Wilibrodi, na hawakusalimiana tena.

Baba alipofariki niliachiwa madaftari. Nikalitafuta lile la mwaka huo, nione aliandika nini siku niliyoposwa. Kuna mawingu, kuna upepo wa mashariki. Jina langu, Coleta, halipo. Chini kabisa ameandika: "Korongo mmoja. Mashahidi wamekuwa ndugu. Hahesabiwi."