Majani ya Rubabu

Msichana wa chuo kikuu alisimama mlangoni na karatasi yake ya maswali, nywele zimeloa mvua, na Alban Quashie akamjibu kila swali kwa utulivu kama mtu aliye mbele ya hakimu. Ilikuwa wiki ya pili tangu nchi ipige kura ya kujitoa Ulaya, na kila mtu mjini Holmroyd alikuwa na la kusema, hata wale ambao kwa kawaida huzungumzia mvua tu. Swali la saba lilimtaka aseme, kuanzia sifuri hadi kumi, kama wahamiaji wameifanya Uingereza kuwa mahali pazuri zaidi pa kuishi.

"Nne," akasema Alban.

Sauti ya mkewe ikatoka jikoni. "Ngapi?"

"Nne, Verna."

"Nne! Na mimi nimo kwenye hiyo nne, au umenitupa kwenye sita?"

"Naongelea hawa wa siku hizi."

"Wa siku hizi!" Verna akatokea na mwiko mkononi, akamgeukia msichana. "Mwanangu, andika hivi. Huyu mzee alishuka melini mwaka sitini na moja, ndizi mbichi mfukoni mwa koti, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Leo eti ndiye mwenye nchi."

Msichana akacheka, akaandika nne, akaenda zake. Alban alinuna mpaka chakula cha jioni.

Hakuwa mtu wa roho mbaya. Alikuwa mtu wa kukumbuka, ila kumbukumbu zake zilikuwa na tabia ya kuchagua. Ukimkalisha na kikombe cha chai, hakusimulii Grenada, kisiwa cha Karibi alikozaliwa. Atakusimulia Holmroyd ya zamani: king'ora cha kiwanda cha sufu saa moja kasoro robo asubuhi, viatu vya mamia ya watu vikigonga mawe ya barabara, wanawake waliopiga magoti wakisugua ngazi za milango yao, na ile wiki ya Agosti ambapo viwanda vyote vilifungwa na mji mzima ukahamia ufukweni Blackpool kula samaki na chipsi kwenye upepo wa baridi. Alifanya kazi chumba cha kutia rangi miaka ishirini na saba. Ikifika Ijumaa mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko, na ya wenzake Wazungu vilevile. Wakikaa kula, asema yeye, hungejua mkono upi ni wa nani.

Vile vikaratasi vya madirishani vilivyowakataza weusi kugonga mlango kuulizia chumba, hivyo huviruka. Verna ndiye anayevikumbuka, mtaa kwa mtaa.

Mwaka tisini na nne alirudi Grenada, akaapa kwamba amerudi moja kwa moja. Kijijini kwao wakamwita Mwingereza. Walimcheka alivyosimama dukani akingoja zamu yake, na duka lenyewe halina mtu mwingine. Wiki ya tatu akamwambia Verna kwamba ana wasiwasi na rubabu yake, wakafunga mizigo.

Rubabu ni mmea wa nchi za baridi. Una mabua mekundu, makali kama ukwaju, na watu wa Holmroyd huyachemsha kwa sukari, wakayafunika unga, wakayaoka, wakala wakafumba macho. Pale kwenye bustani za manispaa nyuma ya reli, ambako kila mtu hukodishwa kiwanja chake cha kulima, hakuna anayenunua mche wake. Jirani hukata kipande cha mzizi wa rubabu yake akakupa, naye alipewa hivyo hivyo na mwingine. Ukishapewa, umekuwa mtu wa pale. Alban alipewa na Harold Sugden, na hadithi yenyewe si ya kujivunia.

Mwaka sitini na sita kamati ya bustani, watu watano, ilipiga kura kuamua kama mtu mweusi apewe kiwanja. Watatu walisema ndiyo, wawili hapana. Akapewa namba kumi na nne, kando ya kiwanja cha Harold, fundi wa mitambo ya kufumia, mtu mrefu aliyemsalimia kwa kutikisa kichwa tu. Siku moja ya Mei, Alban akaona rundo la majani kwenye jalala la mbolea karibu na lango. Yalikuwa mabichi kabisa, mapana, yana mishipa minene kama ya magimbi ya kwao. Akayakumbatia yote akapeleka nyumbani.

"Hawa watu wana akili kweli?" Verna alisema siku ile. "Wanakula kijiti, wanatupa jani!"

Akayapika kama mama yake alivyopika majani ya magimbi, kwa kitunguu, pilipili na mfupa wa nyama ya chumvi. Walikula kwa furaha, wakaimba hata. Saa moja baadaye walikuwa wamejikunja, tumbo linawakata, wanagombania ndoo moja.

Harold alimwona Alban akipita na mzigo wake wa majani, akadhani ni ya sungura. Alipofika kwake akamsimulia mkewe mezani. Mkewe akaweka uma chini. "Sungura gani, Harold? Wale hawafugi sungura." Harold akatoka mbio na chupa mbili za maziwa, bila koti, akaugonga mlango wa kina Quashie mpaka majirani wakachungulia.

"Kunyweni yote," aliwaambia, anahema. "Bua la kula, jani la kutupa. Jani ni sumu, mpenzi. Mama yangu alinifundisha hilo kabla sijajua kusali."

Harold alimwita Alban mpenzi kama wanaume wa mji ule wanavyoitana, hata wapagazi wenye ndevu. Siku yake ya kwanza kiwandani, msimamizi alipomwambia "Sogea kidogo, mpenzi," Alban alitamani kurudi melini. Kutoka kwa Harold, miaka yote iliyofuata, neno hilo halikuwahi kumsumbua. Novemba ilipofika, Harold akamletea kipande cha mzizi kilichofungwa kwenye gazeti.

Wakakaa hivyo miaka hamsini. Kwenye kibanda cha Harold palikuwa na viti viwili na chupa moja ya chai. Wiki za mechi ya kriketi kati ya Uingereza na visiwa vya kina Alban waliwasha redio ndogo, na mmoja akawa anapiga mluzi huku mwenzake akichimba viazi kwa hasira. Walizika wazazi wao, wakaozesha watoto, kiwanda kikafungwa, king'ora kikanyamaza, nao wako pale pale wanalaumiana kuhusu konokono.

Februari ya mwaka huu wa kura ya Ulaya Harold alilazwa, na ikawa wazi kwamba hatatoka. Alban alimpelekea zabibu, akala mwenyewe. Ndipo Harold, macho kwenye dari, akasema, "Alban, ile kura ya kiwanja chako."

"Ipi?"

"Ile. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wawili waliokataa."

Alban akacheka, akasema anajua tangu zamani. Hakuwa anajua. Alitoka akakaa kituo cha basi, akaacha mabasi matatu yapite. Harold alifariki siku mbili baadaye, na Alban hakumwambia Verna neno lile, maana kama angelitamka kwa sauti, lingekuwa kweli.

Sasa kiwanja cha Harold kilikuwa wazi. Aliyefuata kwenye orodha ya wanaongoja alikuwa Rihab Sarmini, mama wa Kisiria aliyefika Holmroyd miezi kumi na minne iliyopita na watoto wake watatu. Kamati ilikuwa bado ya watu watano, na Alban alikuwa mmoja wao. Wawili walimtaka Rihab, akiwemo Brenda Haigh, katibu. Wawili hawakumtaka, wakiongozwa na Keith Barraclough, aliyesema mgeni angoje miaka mitano kwanza. Kikao kilikuwa Jumapili saa nane mchana, na kila mtu alijua mkono wa Alban ndio utakaoamua.

"Sikusemi wewe," Keith alimwambia langoni, akimpigapiga bega. "Wewe ni wetu. Lakini hawa, mpenzi, hawajui hata tunavyoishi."

Alban alipenda kuambiwa ni mtu wao. Alikuwa amelingoja neno hilo muda mrefu kuliko alivyotaka kukiri, na kila alipolipata lilimpasha moto kama supu. Tena hakutaka mtu yeyote kwenye kiwanja kile, Msiria wala Mwingereza. Alitaka viti viwili vibaki vilivyo. Alikuwa amekwisha kuamua: hapana.

Jumamosi asubuhi alikwenda kumwagilia maharage. Kwenye jalala la mbolea karibu na lango alimkuta mwanamke amevaa kitambaa cha kichwa cha kijani, ameinama, anachagua majani ya rubabu. Aliyapanga moja juu ya jingine kwa uangalifu, kubwa na kubwa, dogo na dogo. Mfuko wake ulikuwa karibu kujaa.

"Weka chini!" Alban akapaza sauti. "Weka chini hayo!"

Rihab akashtuka, mfuko ukamponyoka. "Samahani, mjomba. Sikuiba. Nimeona yametupwa."

"Ya nini hayo?"

"Kwetu tunafunga wali na nyama ndani ya majani ya mzabibu. Hapa mzabibu hakuna. Nikaona haya, makubwa, mazuri." Akasita, kisha akashindwa kujizuia. "Mjomba, usikasirike nikuulize. Hawa watu kwa nini wanakula kijiti, wanatupa jani?"

Alban akashika nguzo ya lango. Akilini alimwona Verna wa miaka thelathini, aproni ya manjano, sufuria inafuka, wote wawili vijana na hawana mtu mji mzima. Machozi yakamlengalenga, na hakujali nani anaona.

"Ni sumu, mpenzi," akasema. "Jani ni sumu. Kaa hapa nikuambie."

Akamkalisha kibandani kwa Harold, kwenye kiti cha pili, akamsimulia yote: magimbi, mfupa wa nyama, ndoo, na maziwa. Rihab alianza kwa kuziba mdomo kwa adabu. Hadithi ilipofika kwenye ndoo alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja.

"Na huyo wa maziwa," akauliza akifuta macho, "alikuwa rafiki yako?"

"Bado hakuwa," Alban akajibu.

Jumapili mvua ilinyesha, na kamati ikabanana kwenye kibanda cha mikutano, makoti yananuka unyevu. Brenda alisoma ombi, akahesabu mikono: wawili, wawili. Wote wakamgeukia Alban.

"Tusimharakishe," Keith akasema kwa upole. "Ni kiwanja cha rafiki yake. Sote tunajua Harold angesemaje."

"Harold angesema hapana," Alban akasema.

Keith akatabasamu. "Basi."

"Angesema hapana, kwa sababu alisema. Mwaka sitini na sita, kwenye kibanda hiki hiki, aliinua mkono nisipewe kiwanja. Aliniambia mwenyewe akiwa anakufa." "Kisha akakaa na mimi miaka hamsini, na kila siku ya miaka hiyo alikuwa na lile neno kooni. Mbegu alizonipa, chai, sijui mara ngapi alianza kuniambia akaacha. Mimi nina themanini na miwili, Keith. Sina miaka hamsini ya kujutia mkono wangu."

Akauinua. Brenda aliandika, na Keith akajishughulisha na zipu ya koti lake. Baadaye, walipokuwa wanatoka, Keith akanung'unika bila kumtazama, "Basi mwambie huyo mama udongo wa pale ni mzito. Mimi nina mbolea ya farasi, atume mtoto na toroli." Kwa Keith hiyo ilikuwa hotuba.

Nyumbani Alban akamwambia Verna kila kitu, hata lile la kituo cha basi. Verna akamshika mkono. Walilia pamoja kidogo, kwa ajili ya yule Mzungu mrefu aliyetoka mbio bila koti.

"Alituletea maziwa," Verna akasema mwishowe. "Mkono ulikuwa wa kamati. Maziwa yalikuwa yake."

Jumamosi iliyofuata walikwenda wote wawili. Alban alimkabidhi Rihab ufunguo wa kibanda, akamwonyesha rubabu ya Harold, bua la kula, jani la kutupa, akamwahidi kipande cha mzizi wa rubabu yake mwenyewe Novemba ikifika. Alimwambia pia kwamba viti visitolewe. Rihab akasema hakuwa na nia ya kuvitoa, atakaa wapi na mjomba wake?

Verna akafungua kikapu chake akatoa makopo mawili ya maziwa, yale yasiyoharibika upesi, akayapanga kwenye rafu ya Harold juu ya redio.

"Ya chai, mama?" Rihab akauliza.

"Chai utaleta yako. Haya usiyaguse," Verna akasema. "Hujui ni lini atakuja mwingine."