Chifu Elirehema na Valvu Niliyoifunga Mimi

Jamani, kichwa changu kinakataa kabisa. Jumamosi iliyopita amenitumia voice note anacheka, leo natoka kumzika Marangu. Chifu Elirehema, fundi mkuu wa injini kwenye boti yetu ya makombora. Homa ya siku tatu tu, basi.

Wengi humu mnazijua zile boti zetu za jeshi la majini. Ndogo, nyembamba, mbio za ajabu, makombora yamekaa nyuma. Kila mgeni alipiga picha makombora. Chifu alikuwa analalamika: "Hakuna hata mmoja anayepiga picha injini zangu!"

Na zilikuwa zake kweli. Kazi ya boti ile ni kufika mbio, kurusha, na kutoka kabla hujaonekana. Injini ikigoma, umekwisha. Chifu aliweka kiganja kwenye bomba akakwambia linaumwa nini kabla gauge haijasema.

Mtu wa mlimani, bahari ameiona ukubwani! Lakini siku yangu ya kwanza, nilipotapika, alinicheka mimi: "Wewe wa Chekereni, umekulia kwenye majaruba ya mpunga, leo unaogopa maji?" Halafu akaniletea chai ya tangawizi.

Akitoka likizo ya Desemba alibeba ndizi gunia zima. Crew yote tulikunywa mtori wake, hata wale wa pwani waliokuwa wanaukejeli.

Sasa nisikilizeni. Kuna jambo nimelimeza miaka sita.

Tulikuwa na zoezi la kurusha, wakubwa wamekuja kutazama. Asubuhi nilifunga valvu ya maji ya bahari yanayopoza injini, nikasafisha chujio, nikaitwa chai. Sikuifungua tena. Ndiyo, mimi.

Tukiwa full speed, Chifu akagusa bomba, akapiga kelele: "Zima namba mbili!" Injini aliiokoa, ila mwendo ukaanguka, tukakosa zamu yetu ya kurusha. Aibu gani ile!

Kwenye debriefing kamanda akauliza ni nani. Nikainamia viatu vyangu. Chifu akasimama.

"Ni mimi, afande. Chumba cha injini ni changu."

Cheo chake kilichokuwa njiani kikaishia hapo. Changu kikaja mwaka uliofuata. Siku ile ile ya zoezi nilipomfuata nikilia, akaninyamazisha: "Wewe bado una safari ndefu. Ila kuanzia leo, ukifunga valvu vaa kamba shingoni, usiivue mpaka uifungue valvu." Ya kwanza akanivika yeye mwenyewe. Crew nzima wakaiga, wakidhani ni vituko vyake tu.

Leo kabla ya ibada nimekata jani la isale. Sisi Wachagga ukienda kuomba msamaha unakwenda nalo. Nikaenda kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

Akaliangalia lile jani, hakuitikia. Nikapiga magoti, nikasema yote, machozi na kamasi.

Akalipokea. "Elirehema amefungua na kufunga maji ya mfongo wetu, mfereji wa shambani, tangu ana miaka saba. Zamu yetu ikiisha anafunga, hajawahi kusahau hata siku moja. Waliponiambia amesahau valvu, nilijua si yeye. Nilikuwa nasubiri tu mwenye kosa aje mwenyewe."

Akaniwekea mkono kichwani. "Marahaba, mwanangu. Inuka."

Mama huyo, jamani! Sijui kama ningeweza mimi.

Kwa hiyo crew wote, na wakubwa mlio humu, someni vizuri: Elirehema hakukosea. Nilikosea mimi. Yatakayonikuta na yanikute.

Chifu, ile kamba ya siku ile sikuwahi kuivua, nilikuwa naificha chini ya sare. Leo nimeivua, nimeiacha juu ya kaburi lako hapo migombani. Nimeshafungua, kaka. Ulale salama.