Uzi wa gitaa la baba ambao mama hakuukubali

"Hili siyo gitaa la baba yako."

Mama kaniambia hivyo leo mchana, baada ya kulisikia nikilipiga. Jamani!

Ni lile lile! Tangu tumzike baba lilikaa kwangu juu ya kabati, shingo imepinda, ubao umeachia. Nimelinyoosha, nimelitia gundi na nyuzi mpya, kisha nikavuka nalo ziwa hadi kisiwani, Nansio, kumpelekea mama.

Nikapiga tena. Akatikisa kichwa.

"Uzi huo ulegeze kidogo."

"Mama, simu inapima sauti, inaonesha uko sawa."

"Simu ilimjua baba yako?"

Nikalegeza. (Huyu mama hajawahi kupiga gitaa maisha yake yote!)

"Kidogo tena. Hapo! Usiguse."

Kwangu mimi uzi ulikuwa umeshuka kabisa, hauendani na wenzake. Lakini mama alifumba macho akaanza kuimba wimbo wa Kikerewe nisioujua, na sauti yake ikatua palepale kwenye uzi ule.

Alipomaliza akacheka kwa aibu.

"Pale juu sauti yangu haifiki. Ndiyo maana baba yako alikuwa ananishushia."

Nimeliacha Nansio, limelegea hivyohivyo.

Wapiga gitaa mliomo humu, leo naomba msinirekebishe.