Udongo Aliotafuna Bi Mwanahawa

Majirani, leo nimemvunja mtu mkono kwa kukamua shuka tu. Mzee mie bado chuma!

Uongo mtupu. Nguvu zenyewe sina.

Mke wangu, Bi Mwanahawa, kashika ncha ile, mie hii, tunakamua shuka uani hapa Tabata. Nikamtania, "Kaza bibie, au umeshazeeka?"

Akakaza. Kifundo cha mkono kikalia ka! Nikacheka, nikidhani amekanyaga kijiti.

Kumbe mfupa.

Hospitali, daktari akasema mifupa yake imekonda kwa kukosa kalsiamu.

Bibi akang'aka: "Kukosa vipi, mwanangu? Tangu mimba ya kwanza natafuna udongo kila siku. Si chokaa ile?"

"Udongo haujengi mfupa, bibi. Kunywa maziwa, kula dagaa na mifupa yake."

Tukatazamana. Udongo wenyewe namnunuliaga mie, najiona mume bora kabisa. Chekeni tu nyie.

Sasa amelala na plasta. Matani yangu hayataki. Nyumba imepoa.

Kinachomliza si maumivu. Hawezi kujisuka, na mie kanikataza kumgusa kichwa.

Nawe jirani yangu Mama Zuhura, siku ile ya msiba wenu nilishinda na wanao, sasa zamu yako kunifaa. Njoo kesho umsuke.